Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kumpima Mrushaji Chipukizi wa Besiboli Anayesuasua

Mei ikifika, maswali ninayoulizwa ni yale yale. Kijana ana miaka 22, alisifiwa kuliko wote kwenye ligi ndogo, sasa yuko Ligi Kuu ya Marekani na kila akipanda kwenye tuta la kurushia anachapwa. Nimtoe kwenye kikosi changu cha fantasi (mchezo wa kupanga kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa takwimu zao) au nimvumilie?

Wengi humtoa, kisha miaka miwili baadaye wanamwona akibeba tuzo kwenye kikosi cha jirani. Wengine huvumilia hadi timu yenyewe inamwacha. Makosa haya mawili yanaonekana kupingana, ila chanzo chake ni kimoja: mtu ametazama matokeo ya mchezo badala ya kutazama kazi ya mrushaji mwenyewe.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Usirukie ya tisa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Takwimu za mrushaji msimu kwa msimu, pamoja na za ligi ndogo. Tovuti za Baseball-Reference na FanGraphs zinazo, na kuzisoma ni bure.
- Ukurasa wake kwenye Baseball Savant. Humo utapata kasi ya kila mpira na nguvu ambayo wapigaji wanampiga nayo. Viwanja vyote vya Ligi Kuu vimekuwa na mitambo ya kupima hayo tangu 2015.
- Video za michezo miwili mizima, mmoja aliotamba na mmoja aliochapwa. Vile vipande vifupi vya mitandaoni havitakusaidia, kwa sababu vimechaguliwa ili umpende.
- Historia ya majeraha yake, hasa ya kiwiko na bega.
- Kikokotoo na daftari. Daftari ni lazima, utaona sababu mbele.

Kwenye majedwali utakutana na herufi hizi. IP ni iningi alizorusha, yaani vipindi, na mchezo una tisa. BF, au TBF, ni idadi ya wapigaji aliokabiliana nao. K au SO ni straikauti, yaani wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu (straiki ni mpira mzuri ambao mpigaji anaukosa au anauacha upite). BB ni besi za bure, pale mrushaji anapokosa shabaha mara nne na mpigaji anajitembelea hadi besi ya kwanza. HR ni homurani, mpira unaopigwa ukavuka ukuta wa uwanja. ERA ni wastani wa mikimbio anayofungwa kwa iningi tisa, bila kuhesabu ile iliyotokana na makosa ya walinzi wake.

Onyo: ukiona IP imeandikwa 114.2, hiyo si desimali. Ni iningi 114 na theluthi mbili, kwa hiyo kwenye kikokotoo andika 114.67. Ikiwa 114.1, andika 114.33. Nusu ya hesabu mbovu ninazoletewa zimeharibikia hapa.

## Hatua ya 1: Linganisha umri na ngazi anayocheza

Kabla ya namba nyingine yoyote, andika umri wake na ngazi aliyopo. Ngazi ni Single-A, High-A, Double-A, Triple-A, halafu Ligi Kuu. Baseball-Reference huhesabu umri wa msimu kufikia tarehe 30 Juni. Tumia kipimo hicho ili ulinganishe watu kwa haki.

Sababu ni kwamba kushindwa kwa kijana wa miaka 21 dhidi ya wanaume waliokomaa kunakueleza machache sana. Greg Maddux alikuwa na miaka 21 mwaka 1987 alipoichezea Chicago Cubs akapata ushindi 6 na vipigo 14, ERA 5.61. Mwaka uliofuata alishinda michezo 18. Baadaye akachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi, miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995, na alistaafu na ushindi 355. Tom Glavine wa Atlanta alipoteza michezo 17 mwaka 1988 akiwa na miaka 22, akaishia na ushindi 305. Wote wawili waliingia kwenye Ukumbi wa Heshima mwaka 2014.

Mimi hugawa hivi: aliye chini ya miaka 23 anayeteseka Ligi Kuu, kuteseka kwenyewe sikuhesabu kama ushahidi dhidi yake. Wa miaka 24 na 25 nampa nusu ya huruma hiyo. Kuanzia 26, nataka nione kitu mkononi.

Kanuni hii hufanya kazi kinyumenyume pia. Mrushaji wa miaka 24 anayewaonea watoto wa Single-A hajathibitisha lolote, hata ERA yake iwe 1.50.

## Hatua ya 2: Hesabu wapigaji, usihesabu michezo

Mrushaji wa kuanza hukabiliana na wapigaji 22 hadi 25 hivi kwa mchezo. Watafiti wa takwimu za besiboli wamekokotoa ni wapigaji wangapi wanahitajika kabla namba fulani haijaanza kumwakilisha mrushaji kuliko inavyowakilisha bahati:

- Kiwango cha straikauti: wapigaji 70 hivi. Hiyo ni michezo mitatu.
- Kiwango cha besi za bure: wapigaji 170 hivi, karibu michezo saba.
- Kiwango cha homurani: zaidi ya wapigaji 1,300. Hiyo ni zaidi ya msimu mzima, na kwa kijana ni karibu misimu miwili.
- Mipira iliyopigwa ikaangukia uwanjani salama: mipira 2,000 hivi. Ni miaka.

Isitafsiriwe kwamba mpigaji wa 69 hafai na wa 70 anafaa. Ni makadirio ya wakati ambapo unaweza kuanza kuiamini namba.

Tazama sasa jinsi mashabiki wanavyohukumu. Baada ya michezo mitano wanamkataa mtu kwa sababu ya homurani na ERA, yaani vitu viwili vinavyochelewa kuaminika kuliko vyote, na wanaipuuza straikauti ambayo ndiyo imeshaanza kusema.

Utajua umeimaliza hatua hii vizuri ukiwa umeandika kando ya kila namba: "inaaminika" au "bado".

## Hatua ya 3: Weka ERA kando, utafute kazi yake mwenyewe

Mwaka 2001 Mmarekani Voros McCracken alichapisha hoja iliyowaudhi wengi: mpira ukishapigwa ukabaki uwanjani, mrushaji ana udhibiti mdogo sana juu ya kama utadakwa au utaangukia nyasi. Kinachobaki mikononi mwake kabisa ni straikauti, besi za bure na homurani. Hoja imerekebishwa hapa na pale tangu hapo, ila msingi wake umesimama.

Kutokana na wazo hilo kuna kipimo kiitwacho FIP. Kinasomeka kama ERA, ila kinahesabu kazi ya mrushaji peke yake. Kukokotoa kwake:

1. Zidisha homurani mara 13.
2. Zidisha besi za bure mara 3. Hesabu rasmi inaongeza hapa na wapigaji waliogongwa na mpira.
3. Zidisha straikauti mara 2.
4. Jumlisha 1 na 2, toa 3, kisha gawanya kwa iningi.
5. Ongeza 3.10. Namba hii hubadilika kidogo kila msimu, lakini kwa kazi yetu inatosha.

Tujaribu kwa Jake Arrieta wa Baltimore Orioles mwaka 2012. ERA yake ilikuwa 6.20, na watu walikuwa wameshamchoka. Alirusha iningi 114 na theluthi mbili, akatoa homurani 16, besi za bure 35 na straikauti 109. Basi: 208 jumlisha 105, toa 218, unabaki na 95. Gawanya kwa 114.67, unapata 0.83. Ongeza 3.10 na jibu ni 3.93. Ukiongeza waliogongwa na mpira inavuka 4 kidogo.

Pengo la zaidi ya mikimbio miwili kati ya ERA na FIP! Mrushaji wa 6.20 alikuwa akifanya kazi ya mtu wa 4. Katikati ya 2013 Baltimore walimpeleka Chicago Cubs, na mwaka 2015 alishinda michezo 22, akapoteza 6, kwa ERA ya 1.77, akachukua Cy Young.

Baada ya FIP, fanya hesabu moja zaidi, ambayo mimi naitegemea kuliko zote. Chukua asilimia ya wapigaji aliowatoa kwa straikauti, toa asilimia ya aliowapa besi za bure. Ligi Kuu ya miaka hii iko karibu asilimia 22 kwa straikauti na 8 kwa besi za bure, kwa hiyo wastani ni pointi 14 hivi.

Onyo: linganisha mtu na ligi ya mwaka wake. Zamani wapigaji walikuwa wagumu zaidi kutolewa kwa straiki, na namba iliyokuwa nzuri mwaka 1988 leo inaonekana dhaifu.

## Hatua ya 4: Tambua ugonjwa, kwa maana kila ugonjwa una dawa yake

Hapa ndipo wengi wanapofeli, na ndipo nitakapokaa zaidi. "Anafungwa sana" ni dalili tu. Chini yake kuna magonjwa manne yasiyofanana, na matarajio ya kupona hayafanani hata kidogo.

### Bahati mbaya na walinzi wabovu

Dalili: FIP iko chini ya ERA kwa pointi nzima au zaidi, na mipira inayobaki uwanjani inaanguka salama kupita kiasi. Kwa kawaida karibu mitatu kati ya kila kumi huanguka salama. Kipimo hiki kinaitwa BABIP na wastani wake ni karibu .300. Ukiona .340, shuku bahati.

Dawa ni subira tu. Huu ndio ugonjwa rahisi kuliko yote na ndio unaowatajirisha wachezaji wa fantasi wenye macho.

Lakini hakikisha kwenye Savant kwamba hapigwi kwa nguvu. Mpira unaotoka kwenye gongo kwa maili 95 kwa saa, yaani kilomita 153, au zaidi, wao huuhesabu kuwa umepigwa kwa nguvu. Mrushaji anayepigwa hivyo kila wiki hana bahati mbaya. Anapigwa.

### Shabaha

Dalili: straikauti nyingi na besi za bure nyingi vilevile. Huyu wapigaji hawamwezi, ila hajiwezi na yeye.

Mfano mkubwa ni Randy Johnson, mwenye urefu wa mita 2.08. Mwaka 1991 akiwa Seattle alitoa besi za bure 152 kwenye iningi 201. Ni karibu saba kwa kila iningi tisa, na aliongoza ligi yake kwa aibu hiyo miaka mitatu mfululizo. Mwaka huohuo alikuwa na straikauti 228. Mwaka 1993, msimu aliotimiza miaka 30, besi za bure zilishuka hadi 99 na straikauti zikafika 308. Akaishia na Cy Young tano.

Sandy Koufax naye alikaa misimu sita na Dodgers, 1955 hadi 1960, akiwa na ushindi 36 na vipigo 40. Mwanzoni mwa 1961 mdakaji wake (anayeipokea mipira nyuma ya mpigaji) Norm Sherry alimshauri apunguze nguvu. Kuanzia 1962 aliongoza ligi kwa ERA ndogo miaka mitano mfululizo, hadi kiwiko kilipomstaafisha akiwa na miaka 30.

Mvumilivu hula mbivu, sawa, ila kuna tunda lisiloiva. Steve Dalkowski, anayetajwa na waliomwona kama mrushaji mwenye kasi kuliko wote, mwaka 1960 huko Stockton alipata straikauti 262 na besi za bure 262 katika iningi 170. Alipoanza hatimaye kupata shabaha, kiwiko kikaumia mwaka 1963. Hakuwahi kurusha hata mpira mmoja Ligi Kuu.

Utawatofautishaje? Tazama mwelekeo. Besi za bure kwa iningi tisa zikishuka mwaka hadi mwaka, hata kwa kusuasua, mwache aendelee. Maddux alikuwa na 4.3 mwaka 1987 na 2.9 mwaka 1988. Zisiposhuka kabisa kwa misimu mitatu, na mwili haujabadilika wala mwalimu hajabadilika, punguza matumaini.

Kuna kisa kimoja kisichoingia kwenye kundi hili, nacho ni shabaha inayopotea ghafla. Rick Ankiel wa St. Louis alikuwa na straikauti 194 mwaka 2000 akiwa na miaka 20 na 21. Tarehe 3 Oktoba, kwenye mchezo wa mtoano, alirusha mipira mitano iliyompita mdakaji ndani ya iningi moja. Shabaha haikurudi kama zamani, akabadilika kuwa mpigaji na mlinzi wa nje. Takwimu zako haziwezi kutabiri jambo la namna hiyo, kwa hiyo usijidai.

### Homurani

Dalili: straikauti nzuri, besi za bure chache, lakini mipira inaruka ukuta. Usiogope haraka, umeona kwenye hatua ya 2 jinsi namba hii inavyochelewa kuaminika.

Tarik Skubal wa Detroit alitoa homurani 35 mwaka 2021 katika iningi 149. ERA ikawa 4.34 na wengi wakamtupa. Waliosoma mstari wote waliona straikauti 164 kwa besi za bure 47. Mwaka 2022 homurani zilikuwa 9 kwenye iningi 117. Akachukua Cy Young mwaka 2024 na tena 2025. Ugonjwa wa namna hii kwa mtu mwenye straikauti ndio ninaoukimbilia kuununua.

### Hawezi kumkosesha mpigaji

Dalili: straikauti chache, mpigaji anaugusa kila mpira. Kwa wastani Ligi Kuu mpigaji hukosa karibu mara moja katika kila mara nne anazozungusha gongo. Akiwa anawakosesha mara moja kwa sita, kuna tatizo.

Huu ndio ugonjwa mbaya kuliko yote, kwa kuwa shabaha inafundishika kuliko uwezo wa kukosesha. Utaniletea Glavine: mwaka 1988 alikuwa na straikauti 84 tu kwenye iningi 195. Kweli, akapona. Lakini alikuwa wa mkono wa kushoto, mwenye mpira wa taratibu wa kughilibu uliokuja kuwa silaha yake, katika ligi ya straikauti chache. Anayemtegemea Glavine mwingine anacheza kamari.

## Hatua ya 5: Kagua silaha zenyewe

Fungua Savant, uangalie kasi ya mpira wake wa kasi. Wastani wa Ligi Kuu sasa ni maili 94 kwa saa hivi, karibu kilomita 151. Kuwa chini ya hapo si hukumu, ila lazima kitu kingine kifidie.

Muhimu zaidi ni kasi yake ya leo dhidi ya yake ya mwaka jana. Ikipanda, futa hukumu zako zote za zamani, huyu ni mtu mpya. Ikishuka kwa maili mbili, nenda hatua ya 7 moja kwa moja.

Halafu hesabu aina za mipira anazoziamini. Mrushaji wa kuanza anakutana na mpigaji yuleyule mara mbili au tatu kwa usiku mmoja, na akiwa na mpira wa kasi na slaida (mpira unaokatia pembeni) pekee, mara ya tatu wanakuwa wamemzoea. Angalia pia takwimu zake dhidi ya wapigaji wa mkono ulio kinyume na wake. Mara nyingi mwanya uko hapo.

Na kama mpira mmoja ni wa kutisha na mingine ni ya kujazia, usiandike "hafai". Andika "pengine si wa kuanza". Mariano Rivera alianzishwa michezo 10 mwaka 1995 na Yankees, akamaliza msimu na ERA 5.51. Wakampeleka kurusha iningi za mwisho. Alistaafu na michezo 652 aliyoilinda hadi ushindi, na mwaka 2019 akawa wa kwanza kuingia Ukumbi wa Heshima kwa kura zote.

## Hatua ya 6: Tazama video, jicho likiwa kwenye glavu ya mdakaji

Usimfuate mrushaji. Mfuate mdakaji. Anaweka glavu pale anapoutaka mpira. Hesabu mipira 20 ya kasi na uandike mara ngapi glavu ilibaki karibu na pale ilipowekwa. Rudia kwenye mchezo wa pili.

Kisha tazama anakosea wapi. Anayekosea upande uleule kila mara, mathalani juu kuelekea upande wa mkono anaorushia, kwa kawaida ana hitilafu moja ya mwili inayojirudia, na hitilafu moja hurekebishika. Anayekosea kila upande ni kazi ndefu.

Hitilafu yenyewe inaweza kuwa ndogo ajabu. Mwaka 1992 Nolan Ryan na kocha Tom House, waliokuwa Texas, timu pinzani, walimwonyesha Randy Johnson kwamba anatua kwa kisigino cha mguu wa mbele na mwili unayumbia pembeni. Umeshaona namba za 1993.

Roy Halladay wa Toronto ni mfano mgumu zaidi, na ni haki niutaje kwa sababu mwongozo huu ungemkosea. Mwaka 2000 alikuwa na ERA 10.64, straikauti 44 na besi za bure 42. Hatua ya 3 ingemkataa palepale. Timu ilimshusha hadi Single-A mwaka 2001, na mwalimu Mel Queen akaubadilisha mkono wake uwe unarusha kutoka chini zaidi. Mwaka 2003 akashinda Cy Young. Kitu pekee kilichokuwa kimeashiria ni Septemba 1998: katika mchezo wake wa pili tu Ligi Kuu alibakisha mpigaji mmoja amalize bila kupigwa hata mara moja, na huyo mmoja akampiga homurani. Ndiyo maana nasema utafute mchezo aliotamba. Unakuonyesha upeo wake uko wapi.

## Hatua ya 7: Afya

Kanuni fupi. Kasi ikishuka na shabaha ikaharibika kwa pamoja, chukulia kwamba ameumia hadi ithibitike vinginevyo, hata timu ikisema ni uchovu.

Akiwa ametoka kwenye upasuaji wa kano ya kiwiko, ule uliopewa jina la Tommy John aliyefanyiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974, hesabu miezi 12 hadi 18 kabla hajarudi. Kasi hutangulia kurudi, shabaha huchelewa. Kwa hiyo usizihukumu besi za bure za miezi yake ya kwanza.

Majeraha ndiyo yanayoharibu utabiri mzuri kuliko kitu kingine. Miaka ya 1990 New York Mets walikuwa na vijana watatu waliosifiwa pamoja: Jason Isringhausen, Bill Pulsipher na Paul Wilson. Wote watatu waliumia. Isringhausen pekee ndiye aliyepata maisha marefu, akiwa mrushaji wa kumalizia, na akafikisha michezo 300 aliyoilinda.

## Hatua ya 8: Uliza nani anamlea

Koufax alipewa bonasi kubwa, na kanuni za wakati ule zilimlazimu aliyepewa bonasi hiyo akae kwenye kikosi cha Ligi Kuu miaka miwili bila kupitia ligi ndogo. Alijifunzia kazi mbele ya umati, tena kwa kupangwa mara chache. Arrieta alipofika Chicago aliruhusiwa kurusha kwa mtindo wake wa kuvusha mkono mbele ya mwili.

Unapoona kijana mwenye namba nzuri chini ya ERA mbaya amehamishiwa timu inayojulikana kwa kufundisha warushaji, huo ni wakati wa kununua, kabla hajarusha mpira wa kwanza.

## Hatua ya 9: Andika hukumu na tarehe ya kuipitia

Mipaka hii ni yangu, rekebisha uonavyo. Tofauti ya straikauti na besi za bure ikiwa pointi 14 au zaidi: mshike, hata ERA iwe 6. Kati ya 8 na 13: subiri, ukiangalia ugonjwa wake ni upi. Chini ya 8 na umri ni 25 au zaidi: mwache. Chini ya 8 na umri ni 22: usimnunue, usimsahau.

Halafu andika tarehe. Akikabiliana na wapigaji wengine 170 ndipo utafungua tena daftari, si kabla. Bila maandishi, utabadilisha mawazo kila Jumapili kulingana na mchezo wa Jumamosi. Ingizo linalofaa lingekuwa hivi:

*"Arrieta, Orioles, mwisho wa 2012. Miaka 26. ERA 6.20, FIP karibu 4. Straikauti 8.6 na besi za bure 2.7 kwa iningi tisa. Ugonjwa: bahati na walinzi, uwezo upo. Umri unaanza kumbana. Hukumu: shika kwa bei ndogo. Kupitia upya: wapigaji 170, au akihama timu."*

## Kama unafundisha watoto Uganda au Tanzania

Timu ya Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, ligi ya watoto, huko Williamsport, Marekani, mwaka 2012, na tangu hapo timu za Marekani zimesajili vijana wa Uganda. Tanzania nako mchezo umeingia shuleni kwa msaada wa Wajapani. Makocha wananiuliza watumie nini, maana hakuna FanGraphs ya Lugazi.

Hesabu vitu viwili kwa kalamu: mara ngapi mpira wa kwanza kwa kila mpigaji ni straiki (kwenye Ligi Kuu ni karibu sita kwa kumi), na mara ngapi mpigaji amezungusha gongo akakosa. Matokeo ya mchezo yaache. Mtoto wa miaka 12 anayewatesa wenzake mara nyingi amewahi tu kurefuka, na yule mfupi mwenye shabaha anaweza kumpita wakifika 17.

Na usimmalize mkono wakati unamchunguza. Sheria za Little League zinaweka kikomo cha mipira 85 kwa siku kwa watoto wa miaka 11 na 12, na 95 kwa wa 13 hadi 16. Kwa umri wa hadi miaka 14, aliyerusha 66 au zaidi anapumzika siku nne kabla ya kurudi kwenye tuta, hata kama fainali ni kesho.